Swali la Baada ya Kula

Murusi, Kasulu
Jumapili

Kaka Haidari,

Asalaam aleikum. Ni tumaini langu kuwa barua hii itakukuta mzima huko visiwani, mafua uliyotoka nayo kwenye ndege yamekwisha na kazi inakwenda. Wifi na watoto nao wawe salama. Sisi huku hatujambo. Mvua zilichelewa lakini maharage yamekubali. Duka la marehemu baba linafunguliwa kila asubuhi, na mpangaji hajatusumbua. Redioni kwetu kazi ni ileile. Mama yuko kwake Kitahana, hajambo, anakusalimu sana. Maji ya mradi yanatoka.

Sasa umesalimiwa, na umejibiwa kama anavyojibiwa mtu aliyesimama mlangoni. Wewe ni mtoto wa Buha, hata kama jina la ukoo wetu lilitoka pwani na magunia ya chumvi ya babu. Unajua kwamba huku hakuna mwenye adabu anayempa habari mbaya mtu ambaye mguu mmoja bado uko nje. Anapigiwa makofi, anaamkiwa kwa Kiha, mwidiwe, anaulizwa habari za watu na mifugo, na kila jibu ni zuri. Akikubali kukaa, akanawa, akala, ndipo anauliza mara ya pili, na hapo ndipo anaambiwa ni nani amekufa. Asiyekaa ni mpita njia, na mpita njia huondoka na habari njema. Mama alitufundisha hivyo kabla hatujajua kusoma. Wewe ni mkubwa kwangu, ulifundishwa kwanza.

Basi ichukue karatasi hii kuwa ni sahani, kwa sababu sina namna nyingine ya kukukalisha. Maji ya Kitahana hayatoki. Hayajatoka tangu masika ya mwaka juzi. Ulipokuja kuyapima mwaka jana hayakuwa yanatoka.

Nimekasirika, na nakuambia mapema ili usipoteze muda kujiuliza. Nimekaa siku tatu kabla ya kushika kalamu nikidhani hasira itapungua. Haikupungua, ila imetulia, kwa hiyo naweza kuandika kwa mpangilio.

Nianze na unayoyajua, tusije tukabishana baadaye. Benki yenu ya maendeleo imekupa kazi ya kupima kama mikopo yake inayasaidia kweli mataifa madogo ya visiwa. Visiwa ulipo sasa vinaomba mkopo wa pili, wa visima, pampu za umeme wa jua na koki za vijijini, kwa sababu maji yao ya chini ya ardhi yanaingia chumvi. Katika rasimu uliyonitumia mwenyewe, tena kwa fahari, umeandika kwamba mpango wa aina hiyo umeshathibitika, na mfano wako ni Kitahana, wilaya ya Kibondo. Watu tisini na wawili katika kila mia wanaridhika. Bodi yenu inakaa mwisho wa mwezi huu. Ikikubali, serikali ya visiwa itasaini deni la miaka thelathini, litakalolipwa na watoto ambao bado hawajazaliwa. Neno linalongojwa ni lako.

Aliyekuletea barua hii ni Claudine, mhandisi wa maji wa visiwa hivyo. Hasomi Kiswahili, kwa hiyo usimlaumu kwa yaliyomo. Lakini mengi anayajua, maana alikuwepo.

Alikuja Jumatano iliyopita. Benki yenu ndiyo iliyomleta, aje aone kwa macho yake huo mfano wako. Alisindikizwa na Shamsi, yule kijana wa mawasiliano wa ofisi yenu ya Dar es Salaam, mwenye viatu vyeupe na kamera mbili. Mimi nilikwenda kama mwandishi wa redio. Niliondoka Kasulu alfajiri, na nilipoukaribia mlima wa Kitahana nikakuta gari la maji likiteremka tupu, dereva ametoa mkono nje anavuta sigara. Nilisimama nikamuuliza ametoka wapi. Akasema amepeleka maji kwenye tenki la mradi, maagizo kutoka juu, na kwamba yeye ni dereva tu, dada, niwaulize wenye suti. Nilipofika kijijini niliwauliza wenye suti. Mmoja alisema hajui gari lolote. Jina lake ninalo, lakini silitaji mpaka anijibu kwa sauti yake.

Kwa hiyo Claudine alipofungua koki, maji yalitoka. Meupe, yana harufu ya dawa ya mjini. Akanywa, watu wakapiga makofi. Esteri, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa amevaa kitenge kipya na alikuwa anatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Claudine akauliza kupitia Shamsi kama wanaridhika, akajibiwa wanaridhika sana. Shamsi akasema hiyo imetoka vizuri, na kama inawezekana mgeni arudie kunywa, jua lilikuwa nyuma yake.

Hapo ndipo safari ile ingekwisha, kama yako ilivyokwisha. Ila mama alikuwa amepika.

Nyumba ya mama unaijua, ni hatua chache kutoka kwenye koki ile. Alitoka na kanga yake begani akamkaribisha mgeni. Shamsi akadakia kwamba ratiba imebana, kuna chakula kimeagizwa hotelini Kibondo. Claudine akauliza mama amesema nini. Hakuna aliyeweza kumwambia vizuri, kwa sababu yeye lugha yake ni Kifaransa na Shamsi alikuwa anaongea naye Kiingereza cha kusaidiana kwa mikono. Akajitokeza Mzee Nkunzimana, yule aliyekuwa mwalimu kwao Burundi kabla ya kukimbia na kuwa raia huku, akavua kofia akatafsiri. Esteri akamtania mbele ya watu kwamba Kifaransa hicho kimekaa tangu ujana wake kikimngoja mgeni, na leo kimeolewa. Mzee akasema kina kutu lakini bado kinafanya kazi, si kama vitu vingine anavyovijua hapo kijijini. Watu wakacheka, kisha wakanyamaza kwa pamoja. Kicheko kile nilikiandika.

Claudine alipoelewa kuwa ni chakula, alimwambia Nkunzimana kwamba kwao visiwani mtu akipita chungu kilichoinjikwa kwa ajili yake, amekitukana. Akavua viatu akaingia. Shamsi alibaki kwenye gari akipiga honi. Baadaye njaa ilimshinda, akaja akala matonge makubwa kuliko ya wote, na Esteri akamwuliza kama hoteli ya Kibondo nayo ina ratiba ya kubana tumbo.

Sasa nisikilize vizuri. Mama alimletea mgeni maji ya kunawa. Yalikuwa na rangi ya chai. Ni maji ya kule bondeni, ya kijito, na kipindi hiki cha mvua udongo unateremka nayo. Claudine aliangalia beseni, akaangalia mlangoni, ambako koki ilikuwa inaonekana, akanawa. Akala ugali wa muhogo, maharage na samaki wa mgebuka. Akasifu. Vyombo vilipotolewa, akanawa tena maji yaleyale, akamgeukia Nkunzimana akauliza, taratibu, kama mtu wa hapahapa: na maji, habari zake?

Hakuna aliyemfundisha kuuliza hivyo. Nilimwuliza baadaye, akasema kwao pia ukweli hautolewi mlangoni. Mtu wa kisiwa cha mbali ambacho mimi siwezi kukionyesha kwenye ramani alijua la kufanya nyumbani kwa mama yako. Wewe ulizaliwa humo.

Esteri akaangalia kitenge chake. Akasema maji aliyokunywa mgeni yamepanda mlima kwa gari, na jioni yatakuwa yamekwisha. Baada ya hapo ikawa kama mtu amefungua mlango wa zizi. Masika ya mwaka juzi radi ilipiga, na kisanduku kinachoiendesha pampu kikaungua. Radi za Kibondo unazijua. Hata mbuzi wa huku wanazijua. Waliochora mradi hawakuzijua. Kisanduku hicho kinatengenezwa na kampuni moja tu huko nje. Kamati iliandika kwa mamlaka ya maji, ikaambiwa mradi ni mali ya wananchi. Ikaandika kwa benki yenu, ikajibiwa kwa heshima kubwa kwamba mradi umeshafungwa. Neno hilo Esteri alilisema kwa kulitafuna, umefungwa, akasema kweli umefungwa, hata nyani hawezi kuufungua. Vioo vya jua bado viko juu ya paa la kibanda cha pampu vinang'aa. Mwaka jana vijana wako walivipiga picha nzuri.

Claudine aliuliza mambo machache kwa kufuatana. Kisanduku kingekuja kwa njia gani. Nani alitakiwa kukiweka. Kisha akasema, na Nkunzimana akatafsiri polepole ili asikosee, kwamba kwao hakuna radi nyingi lakini kuna chumvi ya hewani inayokula visanduku vya namna hiyo, na meli ya mizigo inakuja inapotaka. Akasema deni litaishi miaka thelathini na pampu itaishi misimu miwili, kwa hiyo kwa muda mwingi watu wake watakuwa wanalipia vioo. Hakupandisha sauti. Aliomba maji ya kunywa, akakumbuka, akasema basi.

Jioni ile nilikupigia. Unakumbuka ulivyonijibu, lakini nayaweka hapa ili usiseme nimekusingizia. Ulisema mimi naona kijiji kimoja na wewe unaona mataifa. Ulisema visiwa vidogo havina pa kukopa. Kimbunga kimoja kinaondoka na bajeti ya mwaka mzima, na benki yenu ndiyo inayofika wakati wengine wanatuma rambirambi. Ulisema tathmini ikiwa mbaya, mlango unafungwa, na wenye kiu wanakwenda kwa wakopeshaji wabaya zaidi. Ulisema nisikuharibie. Mwisho ukasema kama nina la kusema niliandike, maana uko kwenye kikao.

Nimekusikia, na sehemu kubwa ya hayo ni kweli. Visiwa vile vinahitaji fedha, na benki yenu imefanya mazuri ambayo hata Claudine aliyataja bila kuulizwa, barabara yao na hospitali yao. Ndiyo maana nimekasirika. Mwenye kiu hadanganywi kuhusu kisima. Ungeandika kwamba mkopo ni mzuri ila uje na vipuri, na fundi, na kinga ya radi au ya chumvi, na mtu wa kurudi kuangalia baada ya mikasi ya uzinduzi kuwekwa kabatini, ungekuwa umevisaidia visiwa. Kupima mkopo siku maji yanapofunguliwa ni kumpima mtoto siku ya kuzaliwa na kuandika kwamba amekua. Na wewe hukuyapima hata siku hiyo. Koki zilikuwa kavu, mkaambiwa tenki linaoshwa, mkaandika tenki linaoshwa. Miaka ishirini ya kazi hii imenifundisha kitu kimoja tu chenye thamani: mtu akisema tenki linaoshwa, panda ukaangalie ndani. Ngazi ipo pale. Nilipanda. Chini ya mfuniko, juu ya usawa wa maji ya gari, palikuwa na kiota cha ndege.

Ningeweza kuishia hapo, na hasira yangu ingekuwa ya kawaida, ya mwandishi kwa mtaalamu. Lakini kuna jambo ambalo sikulijua Jumatano, na ndilo linalonifanya niandike badala ya kutangaza tu.

Nililala Kitahana. Asubuhi, mama na mimi tukimenya muhogo, Esteri alipita kuazima kinu. Nikamwuliza kwa nini mwaka jana waliwaambia vijana wako waliokuja na vishikwambi kuwahoji kwamba maji ni mazuri, wakati mwaka mzima walikuwa wanaandika barua za kulalamika. Nilidhani atasema ni adabu ya mlangoni. Hakusema. Alimwangalia mama, akasema hilo si lake, akabeba kinu akaondoka.

Mama aliendelea kumenya. Kisha akasema ni yeye aliyewaomba.

Ulimpigia simu wiki moja kabla ya kuja. Ulimwambia, nanukuu alivyonukuu, kwamba unakuja Kitahana kutathmini mradi wetu. Mama hajui kutathmini ni nini. Aliuliza kwa mtoto wa shule, akaambiwa ni kama mtihani. Basi akaelewa kwamba mradi ni wako, umeujenga wewe, na wazungu wa benki wanakuja kukupa mtihani mbele ya kijiji ulichozaliwa. Akachukua fimbo yake, akapita nyumba kwa nyumba. Aliwaambia Wakristo na Waislamu, Waha na waliotoka Burundi, kwamba mtoto wake anakuja kupimwa, na kama kuna aliyewahi kula chumvi ya baba yake asimwangushe. Esteri alikataa. Mama akakaa kwenye kibaraza chake hadi akakubali. La tenki kuoshwa ni mama aliyelitunga.

Watu tisini na wawili katika mia, kaka. Hawakuwa wanajibu kuhusu maji. Walikuwa wanamheshimu mama yako. Hao wanane waliobaki sijui ni akina nani, labda walikuwa safarini mama alipopita.

Benki yenu ilikutuma wewe kwa sababu ni mwenyeji, ikiamini watu watakufungukia. Kwa sababu hiyohiyo walijifunga. Mgeni wa kweli, asiye na mama pale, aliambiwa kwa sahani moja ya ugali. Na wewe ungeambiwa pia kama ungekaa. Mama anasema alikuwa amekuwekea kuku. Alikuwa amepanga ule, halafu akueleze mwenyewe kwamba maji hayatoki, ukayamalize na wakubwa zako kwa siri. Ulisimama mlangoni injini ikiunguruma, ukauliza mama hujambo, akasema hajambo, ukamwachia noti na pakiti ya majani ya chai, ukaenda Kibondo kulala. Kuku alimpa Esteri.

Nilimweleza tathmini ni nini. Nilimweleza kwamba hakuna aliyekuwa anakupima, kwamba wewe ndiye ulikuwa mpimaji, na neno la Kitahana sasa limevuka bahari na linataka kuwafunga watu wengine. Alimenya hadi muhogo ukaisha. Akauliza kama yule mama wa Kifaransa ana watoto. Nikasema anao. Akasema neno lililotoka kinywani mwake atalirudisha kwa kinywa chake, akaniambia niwashe kinasa sauti. Alitaja jina lake kamili, la baba yake na la kijiji. Alisema alichofanya na kwa nini. Hakulia, na hakukulaumu hata kwa nusu ya neno. Kulaumu kaniachia mimi.

Kipindi kitakwenda hewani Ijumaa baada ya taarifa ya saa mbili usiku. Sauti ya mama imo, ya Esteri imo, gari la maji limo, na jina lako na cheo chako vimo. Sikukuomba ruhusa na sikuombi. Nimekuachia nafasi ya kujibu. Simu yangu unayo, na nitayatangaza utakayoyasema kama utakavyoyasema. Claudine ana nakala ya mazungumzo yote, Nkunzimana amemtafsiria neno kwa neno. Yeye ataingia kwenye kikao cha bodi akiwa upande wa visiwa vyake, kama anavyopaswa. Anaweza kusimama baada yako kukusahihisha. Au unaweza kusimama kwanza ukaiondoa Kitahana kwa mkono wako, ukasema ulichokosea na mkopo huo unahitaji nini ili usiwe deni la vioo. Mimi ningependa usimame kwanza. Si kwa ajili yako. Mama aliomba jambo moja tu, kwamba barua ikufikie kabla ya redio, usije ukasikia kwa watu. Nimelitimiza.

Salamu kwa wifi na watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka. Watu wa Murusi wote wanakusalimu, na jirani yetu anauliza kama utakuja kwa Idi. Ukija, usipitie Kibondo kulala. Panda moja kwa moja Kitahana, zima gari, kaa.

Mama mwezi uliopita aliteleza kwenye njia ya bondeni akiwa na dumu la maji. Goti limevimba, na sasa anabeba dumu la lita tano badala ya ishirini, kwa hiyo anateremka mara nyingi zaidi. Alinikataza kukuandikia hilo. Asubuhi hii nilipompigia kumwuliza niweke salamu gani mwishoni, aliniambia nikuandikie hajambo.

Hajambo.

Ni mimi ndugu yako,
Shadia